Magadi Niliyotia Kwenye Mlenda wa Wifi

Nimekosa. Naanza na hilo ili msihangaike kunitafutia sababu nzuri, maana sina. Jina langu sitaji. Atakayenijua na anijue, nitafanyaje!

Mama yetu yuko Chamwino. Alipotoka hospitali, hamu ya kula ilikuwa imemwisha kabisa. Daktari alituambia wazi kwamba asipokula, dawa peke yake hazitamsaidia. Mimi ni binti yake wa pekee, nafanya kazi ofisini Mtumba, nikaomba likizo nikaenda kumpikia. Nilipima kila kitu! Mchele kwa kikombe, chumvi kwa kijiko, mapishi nayafuata kwenye simu. Mama akaonja tonge moja, akasukuma sahani.

Ndipo akaja wifi yangu, mke wa kaka, kwao Makutupora. Huyu mwanamke hapimi! Anaingia jikoni hata hajui anapika nini. Anachungulia kapu, anachuma majani ya kunde nyuma ya nyumba, anatupia karanga, akikosa ndimu anakamua zabibu mbichi alizobeba kwao. Anadondosha mchuzi kwenye kiganja, analamba, anaguna, anaongeza kitu. Huku anaimba! Nilimtazama nikasema moyoni, upuuzi gani huu.

Mama akala. Akala, akalamba vidole, akauliza kama kimebaki. Wiki haikuisha akawa anatoka mwenyewe kukaa barazani.

Ningefurahi, si ndiyo? Nilimchukia! Mama aliyenizaa anakataa chakula changu, anakililia cha mtu baki. Kila jirani aliyepita kumjulia hali aliambiwa, "Mkwe wangu ndiye kanifufua." Na mimi nimesimama palepale na beseni la vyombo.

Basi Jumapili moja wamama wa jumuiya walikuwa wanakuja kumwombea mama. Wifi akaandaa ugali wa uwele na mlenda. Mlenda wetu unatiwa magadi ili uvutike na majani yalainike, lakini kidogo tu! Ukizidisha, unakuwa mchungu na unanuka sabuni. Wageni walipobisha hodi, wifi akatoka kuwapokea. Nikamsikia huko nje akiwaamkia kwa Kigogo, "Mbukwa, mama zangu! Karibuni, karibuni!"

Nikachota magadi kwa mkono, nikatia sufuriani, nikakoroga. Nilijua hakuna atakayenishuku. Mtu anayepika kwa kukisia akikosea, nani ashangae?

Wamama wakatema. Mmoja alitemea kwenye leso yake. Wifi akaonja.

"Mimi nilionja," akasema. "Jamani, nilionja, ulikuwa sawa!"

"Ndiyo shida ya kupika bila kipimo," nikamjibu mbele za watu. "Leo umewalisha wageni sabuni."

Kaka naye, mjinga mwingine, akamfokea palepale. "Unamlisha nini mama? Mgonjwa huyu!"

Mama peke yake hakutema. Alimaliza mlenda wote uliokuwa sahanini, tonge kwa tonge, huku ananiangalia mimi. Nikajifanya nakusanya vyombo.

Jioni ileile wifi alifunga mzigo wake akarudi kwao. Nikashika jiko kwa fahari! Mama hakula. Nikasema atazoea. Hakuzoea, akaanza kulegea, barazani akaacha kutoka, mpaka nikapiga magoti kando ya kitanda chake na bakuli la uji mkononi.

"Mama, kula basi, hata kidogo!"

"Mkono wa mkwe wangu naujua," akasema. "Na wako naujua. Ule mlenda niliumaliza ili uone aibu useme mwenyewe. Hukusema."

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze.

Nikaenda Makutupora. Nilimkuta wifi shambani kwao anakata zabibu, na hata karibu hakuniambia. Nikapiga magoti kwenye vumbi nikasema yote. Nilitegemea atalia, tukumbatiane, yaishe. Thubutu!

"Sitaki pole yako," akasema. "Nakuja kwa ajili ya mama, sio kwa ajili yako wala ya huyo kaka yako. Na wale wamama ukawaambie kwa mdomo wako."

Nikawaambia. Mmoja wao mpaka leo haitikii shikamoo yangu.

Mama sasa anakula, anatembea mpaka kwa jirani. Lakini msije mkadhani tumepatana. Simpendi wifi, na yeye hanipendi. Bado hapimi, bado anaimba, na bado inaniudhi!

Wewe unayesoma hapa huku moyo unawaka kwa sababu mtu fulani anapendwa kwa mapishi yake, nakwambia nuna! Susa, funga mlango ulie. Lakini sufuria ya mtu usiiguse, maana hutajua utalipishwa nini.

Mimi nalipishwa hivi. Kila ninapokwenda Chamwino, chakula kikiiva, kabla sahani ya mama haijapakuliwa, wifi ananiita jikoni. Kaka yupo, watoto wapo, majirani wapo. Ananidondoshea mchuzi kwenye kiganja.

"Onja wewe kwanza," anasema, kisha anasubiri mpaka nimeze.

Nameza. Na ni kitamu!