Faili Ambalo Babu Alilifunga Mapema

Siku ya kwanza kazini Babu alipewa koti jeupe, bunda la funguo na onyo moja. Ilikuwa wodi ya wagonjwa wa akili, Mbeya, na yeye ndiyo kwanza ametoka chuo cha uuguzi. Mganga Mfawidhi, yaani bosi wa hospitali nzima, alimwangalia kuanzia viatu mpaka nywele akamwambia, "Kijana, humu ndani mgonjwa akipiga kelele usiogope. Ogopa akinyamaza."

"Andika hiyo kwanza," Babu ananiambia. "Maana ndiyo niliyokuja kuisahau."

Basi nimeandika. Mimi ni mjukuu wake, nimemaliza form four, nasubiri matokeo, nakaa naye hapa Kihesa, Iringa. Mikono yake inatetemeka, kalamu haishiki tena. Kile kituo cha ushauri cha kanisa alikofanya kazi mpaka kustaafu wamempigia simu. Wamepata washauri wapya, vijana, na Jumatatu wanaanza na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanaume anayependa wanaume wenzake. Ndugu zake wamemleta abadilishwe. Katibu wa kituo anaomba Babu aandike jinsi alivyomponya Tito, ili hao vijana wafuate njia ile ile.

"Tito siyo jina lake la kweli," Babu anasema. "Lakini weka hilo."

"Sasa Babu, si uwaambie tu kwenye simu? Kurasa zote hizi za nini?"

"Mama, tulia. Kazi inaelezwa tangu mwanzo." Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Heshima yenyewe inaishia hapo hapo kwenye jina.

Wodini alijifunza mahojiano ya kwanza. Unakaa na mgonjwa, unamwuliza analala vipi, anakula vipi, nani kamleta, halafu mwisho kabisa unamwuliza yeye mwenyewe anataka nini. Hilo swali la mwisho manesi wengi walikuwa wanaliruka, wamechoka, foleni ndefu. Babu anasema yeye hakuliruka hata siku moja kwa miaka yote ya Mbeya.

Kanisa lilipofungua kituo Iringa, walitafuta mtu anayejua magonjwa ya akili na anayesali. Babu alikuwa nesi na mzee wa kanisa, wakamchukua. Mkurugenzi alikuwa mchungaji, mcheshi, anapenda watu. Siku ya kumpokea alimpigapiga bega, akamwita kwa jina la ukoo: "Kikoti, wewe leta saikolojia, mimi naleta maombi. Shetani atapita wapi sasa?" Ofisi nzima ikacheka. Babu naye alicheka, tena alifurahi, maana hakuna mtu aliyewahi kuiita kazi yake kwa jina zuri hivyo.

Pale mgonjwa anaitwa mteja. Kila mteja ana faili, na ndani ya faili kuna fomu yenye visanduku vitatu: anaendelea, ameacha kuja, amefunguliwa. Unaweka tiki kwenye kimoja. Mkurugenzi alikuwa hapendi mafaili yakae wazi muda mrefu. Na desturi yao ilikuwa hivi: mteja akiacha kulalamika, wanahesabu amefunguliwa, faili linafungwa, na yeye anasimama kanisani kutoa ushuhuda.

"Yaani mtu akinyamaza mnasema amepona?" nikamwuliza.

"Ndiyo maana nimekuambia uanze na yule mganga."

Tito alitoka Rujewa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, jioni anafundisha kwaya. Mama yake alikuta ujumbe kwenye simu yake kutoka kwa mwanaume, akamleta Iringa na gunia la mchele. Babu akaanza mahojiano ya kwanza. Analala vipi, anakula vipi. Kufika swali la mwisho, anataka nini, mama ndiye aliyejibu.

"Anataka kuoa. Si ndiyo, mwanangu?"

Tito akaangalia sakafu. Babu akaandika kwenye nafasi ya mteja: anataka kuoa.

Njia waliyotumia mkurugenzi aliipata kwenye semina. Mteja anavaa rababendi mkononi, ile ile ya kufungia pesa. Wazo likija anaivuta na kuiachia, ichape. Halafu anaandika kwenye daftari siku hiyo imechapa mara ngapi. Juu ya hapo kufunga chakula Jumatano na Ijumaa, na maombi kila kikao. Wakamwachisha na kwaya, eti kule kuna wanaume wengi.

"Usingizi wake wote ulikuwa unatoka kwenye ile kwaya," Babu anasema. "Mimi nesi, nilikuwa nimeandika mwenyewe kwamba akishaimba analala vizuri. Nikamwondolea."

Mwanzoni Tito alikuwa anabishana. Siku moja alimwambia, "Mshauri, samahani, na wewe ulichapwa raba ndiyo ukampenda mkeo?" Babu alicheka mpaka miwani ikadondoka, halafu akakumbuka yuko kazini, akamgombeza. Baada ya siku hiyo Tito hakuuliza tena kitu. Daftari likaanza kushuka. Kumi, sita, mbili. Mwezi wa nane likawa sifuri wiki nzima.

"Umeona?" mkurugenzi akasema, analipepea lile daftari kama barua ya ajira. "Sifuri, Kikoti! Weka tiki."

Ushuhuda ulitolewa kanisani kwao Rujewa. Joto la huko bonde la Usangu mnalijua, watu wanapepea na vitabu vya nyimbo. Tito alisimama mbele na shati la mikono mirefu, kafunga vifungo mpaka vya mikononi.

"Nilijua chini ya lile shati kuna nini," Babu anasema. "Wodini nilishaona mikono mingi ya watu wanaojiumiza. Andika hapo: nilijua."

"Babu, hili si lazima—"

"Andika."

Mchumba alitafutwa, na wazazi wa binti, watu makini, wakataka uthibitisho. Babu akaandika barua yenye muhuri wa kituo kwamba ndugu huyu amefunguliwa kabisa. Harusi ikawa kubwa. Babu alikaa meza ya mbele.

Baada ya mwaka na kitu yule mke, Rehema, alikuja ofisini peke yake. Alikuwa ameikunja ile barua kwenye leso. Akaiweka mezani.

"Mshauri, shikamoo. Wewe ndiye uliyeandika hapa?"

"Marahaba. Ndiyo mimi."

"Basi niambie mimi nina kasoro gani. Maana kama yeye amepona, mgonjwa ni mimi. Analala chini, Mshauri. Mwaka mzima. Ananipikia, hajawahi kunitukana, asubuhi anakunja mkeka ili mama yake asiuone. Mimi nimefunga, nimesali, nimebadilisha mpaka sabuni."

Babu anasema alikuwa na majibu ya vitabuni kama kumi. Akayaacha yote. Alimwambia, "Mwanangu, huna kasoro. Barua ndiyo ina kasoro." Rehema akalia pale, kwa hasira, siyo kwa huzuni, akasema ungesema kabla sijavaa shela.

Babu akaenda kwa mkurugenzi akaomba faili lifunguliwe, ile tiki ifutwe. Mkurugenzi hakucheka siku hiyo. "Kikoti, ule ushuhuda tumeuhubiri mpaka Njombe. Ukilifungua hilo faili utakuwa umefunga kituo." Mwezi uliofuata Babu alihamishiwa tawi la Mbeya, kufundisha semina za wanandoa. Hakubisha. Alikuwa na watoto shule, na alikuwa amechoka. Rehema alirudi kwao. Tito aliondoka Rujewa na begi moja, mpaka leo Babu hajui aliko. Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani na kusoma sifa zake, na sifa ya kwanza ilikuwa Tito.

Nikamwuliza kama bado anaamini.

"Mungu sijamwacha, mama. Nimeacha kumwandikia ripoti. Hao vijana waambie hivi: yule hakuwa mgonjwa. Ugonjwa alioupata aliupata kwetu."

Jumatatu tulipeleka kurasa wenyewe, maana hakutaka nizitume kwa simu. Katibu alizisoma amesimama. Alipofika mwisho akarudi mwanzo, kama labda ameruka kitu.

"Mzee wetu, tuliomba mbinu."

"Mbinu ni hiyo. Mwulizeni yeye anataka nini, na ndugu zake watoke nje."

"Lakini hii hatuwezi kuwapa vijana."

"Basi nitakaa hapa hapa nje niwasomee."

Na kweli akakaa. Kwenye benchi palikuwa na mtu mmoja, shati limepigwa pasi, viatu vina vumbi la chaki. Mkononi alikuwa na rababendi mpya, nyekundu. Mlango wa washauri ulikuwa bado umefungwa.

"Kamwene, mwalimu," Babu akamsalimia Kihehe.

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umelala vipi?"

Yule mwalimu akashangaa kidogo. "Sijalala, mzee."

Babu akatikisa kichwa. Kurasa zangu zilikuwa zinamchezacheza mikononi, zinataka kumwagika. Akanyoosha mkono.

"Nisaidie hiyo raba yako, nifungie makaratasi yangu."

Mwalimu aliangalia mlango, akamwangalia Babu. Halafu akaivua.