Paka wa Mama Jirani

Mwezi uliopita nilipita Ukunda, na nyuma ya mkahawa mmoja paka wa kijivu akanitazama, akafumba macho polepole, akafumbua. Nami nikamjibu vivyo hivyo, mtu mzima mimi, nimesimama na mfuko wa viazi. Cheka tu. Elimu hiyo nilifunzwa na nyanya yangu nilipokuwa na miaka tisa, na niliipata kwa kukosea.

Tulikaa chumba kimoja, Nyanya na mimi, katika nyumba ya kupangisha. Chumba cha pili alikuwa mama mmoja wa bara, mfuaji nguo katika hoteli moja ya Diani. Alasiri alirudi ananukia sabuni na joto la pasi, na vichwa vya samaki amevifunga gazetini kwa ajili ya paka wake, jike la madoa meusi. Alimsemesha kwa lugha ya kwao. Mimi niliamini paka yule hajui Kiswahili.

Halafu zikaja zile wiki mbaya, watu wa bara walipotishwa wakaanza kuondoka. Kila siku mlango mwingine ulipigwa kufuli, na watu wazima walinyamaza nikiingia. Asubuhi moja mama jirani akaja na begi, macho mekundu.

"Shikamoo, Nyanya. Niangalizie paka wangu. Ana mimba."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni amana. Nenda salama."

Paka hakutulia. Alizunguka uani, akalia mbele ya kufuli, akakwaruza mlango, chakula hakukigusa. Mimi nami nikawa vivyo hivyo. Kwenye chuo cha Kurani aya zilinipotea mdomoni. Nyumbani nilichambua mchele nikaacha mawe. Nikaona dawa ni kumfungia. Nyanya alipokwenda sokoni nikamfunika paka kwa tenga la kuku, nikaweka jiwe juu, nikainama kumkodolea macho. Alipigapiga mkia chini, nami nikadhani amefurahi, kama mbwa. Nilipoingiza mkono kumbembeleza akaniparura hadi kwenye kiwiko, akalipindua tenga, akapotelea juu ya paa.

Nyanya alinikosha mkono kwa maji ya chumvi. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

"Akipigapiga mkia anakwambia muache. Ukimkazia macho, anaona wataka ugomvi. Huyu amepotelewa na mtu wake, nawe ukamtia kifungoni."

Siku nne nilimtafuta chini ya mvua. Dagaa niliomwekea waliliwa na kuku. Siku ya tano mwenye nyumba alimleta mpangaji mpya, mwalimu wa kike, akafungua kile chumba. Juu ya kitanda, katika sare kuukuu ya hoteli, paka alikuwa amelala na watoto watatu. Alikuwa amepenya kwenye uwazi wa paa. Mwenye nyumba akashika ufagio. Nyanya akasimama mlangoni.

"Huyu ni amana yangu. Mwalimu atalala kwangu mpaka watoto wafumbue macho."

Mwenye nyumba akacheka, kisha akaona Nyanya hacheki. Tukalala watatu kwenye kitanda kimoja, siku tisa, mwalimu akikoroma. Kila alasiri nilikaa kwenye kizingiti cha chumba kile, nikitazama pembeni, nikifumba macho polepole kama Nyanya alivyonifunza. Siku moja paka naye akafumba. Baadaye akaja mwenyewe, akanusa makovu yangu, akalala miguuni.

Mama jirani alirudi mara moja tu, kuchukua vyombo vyake. Paka alimnusa vidole, akajisugua mguuni pake, kisha akarudi kwa watoto.

"Amenisahau?"

"Hajakusahau. Ana wa kuwalea."

Akafuta machozi kwa leso, akapanda gari. Hatukumwona tena. Paka tuliishi naye miaka mingi.

Leo Nyanya hayupo. Vyumba vile vimebomolewa, kuna maduka ya simu, na hakuna wa kumuuliza mama yule alifikia wapi. Nilipokuwa msichana mkubwa niliwahi kumuuliza Nyanya kwa nini tulimlinda paka, na mama jirani mwenyewe hatukumwambia abaki. Alikuwa akikuna nazi. Mkono ukasimama.

"Tuliogopa, mwanangu," akasema. Nazi ile hakuimaliza, nilimalizia mimi.