Shangazi Alipopewa Maikrofoni

Romanus nilimwona kwa macho yangu. Alishuka kwenye bodaboda pale kona, akajipapasa mifuko kama mtu aliyesahau funguo, akatazama huku na huku, kisha akanyoosha mkono akachuma jani la sale kwenye ua wa dada yake mwenyewe. Akalifunga fundo, akapiga hodi. Nilikuwa naanika nguo upande wa pili wa ua, na nusura nimrushie beseni.

Wachaga wakikosana, mkosaji hupeleka jani la sale. Ukiletewa sale hukatai, hata kama aliyelileta alikuchomea nyumba. Mimi ni Mwarusha. Kwangu jani ni la mbuzi.

Dada yake ni Agnela, Mama Hans, jirani yangu hapa Sombetini, Arusha mjini, tangu nyumba zetu hazijapigwa plasta. Anashona sare za shule. Mama yao alipopooza, Romanus, mwenye nyumba ya vigae kule Tengeru, alisema kwake kuna ngazi nyingi. Ngazi, eti. Basi bibi akaletwa kwa Agnela, kwenye chumba na sebule, na cherehani ikahamia koridoni. Agnela alimlisha uji kwa kijiko, alimgeuza asipate vidonda, alimwosha. Najua, kwa sababu yale mashuka tulifua wote. Romanus alikuja Jumapili moja moja akitoka misa, na suti yake, akasimama mlangoni kwa sababu ya harufu, akaaga.

Bibi alipofariki tulimpeleka kwao Kibosho, mlimani, kumzika. Pale kaburini, mbele ya padri na umati, Romanus akafungua karatasi akasoma historia ya marehemu. Akasema marehemu aliugua kwa muda mrefu, na kwamba "tulimuuguza nyumbani kwangu Tengeru, mimi na mke wangu, mpaka pumzi yake ya mwisho." Agnela akatajwa mwishoni kabisa, karibu na wajukuu: binti mmoja, yuko Arusha. Nilimshika mkono. Watu wakapanga foleni kumpa Romanus pole na kumsifu kwa kulea mzazi. Mtu mzima anadanganya huku mama yake hajafunikwa udongo, na anapewa mkono.

Tangu siku hiyo Agnela alikuwa na sentensi moja. Anakata kitambaa, ananiambia: "Mama Oscar, siku nikiwapata watu wale wale, nitasema hivi: mama yangu alifia mikononi mwangu, Sombetini, na Romanus alikuwa anasimama mlangoni." Alikuwa akiinoa sentensi hiyo kama kisu cha buchani. Desemba Wachaga wote wanapanda kwao, yeye anabaki anashona. Presha ikampata. Mimi nilimwambia asilegeze kamba, haki ni haki.

Miaka sita ikapita hivyo. Sasa Anneth, binti wa Romanus, anaolewa, na shangazi asipoonekana ukumbini watu watauliza. Ndiyo sababu ya lile jani.

Romanus alipofunguliwa mlango niliingia nyuma yake bila kukaribishwa.

"Shikamoo dada," Romanus alisema, akapiga goti, akanyoosha jani. "Nimekukosea. Naomba unisamehe."

"Umenikosea nini?"

Akatazama sakafu. "Mambo yale ya zamani, dada."

Hata kuyataja hakuweza.

"Hilo jani amelichuma hapo kwenye ua wako," nikasema.

"Najua," Agnela akajibu. "Nilimwona dirishani."

Akalipokea. Akamwekea chai, tena ya maziwa. Nilitoka nje, nikaenda kumalizia kuanika nguo zangu.

Nilijituliza kwa jambo moja: kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, shangazi hupewa maikrofoni. Ukoo mzima wa Kibosho utakuwepo, na masikio yao. Nikashona gauni jipya kwa ajili ya sentensi ile, wala sioni aibu kusema.

Siku ikafika, mshereheshaji akamwita shangazi. Agnela akaishika maikrofoni kwa mikono miwili. Kwenye meza ya wazazi Romanus aliacha kutafuna. Agnela akawatazama watu meza kwa meza, nami moyoni namwambia, sema, mama, sema.

"Anneth mwanangu," alisema. "Siku mmoja wenu akilala asiweze kuinuka, mwenzake amgeuze. Asingoje kuambiwa. Mungu awabariki."

Akaketi. Vigelegele vikapigwa. Romanus alipiga makofi kuliko watu wote, mshenzi yule.

"Na ile sentensi?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nayo mdomoni. Nikawatazama wale watu, nikaona namwambia nani? Mama alijua anaoshwa na nani." Akavuta sahani yake, akaniomba nimsogezee pilipili.

Desemba alipanda Kibosho na wanawe. Presha imeshuka, daktari amempunguzia dawa, na siku hizi akishona anaimba. Romanus naye bado anakula sifa. Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Tengeru, nikamsikia mama mmoja anasema hakuna mwana kama Romanus, alivyomlea mzazi wake. Nikamweleza yote, kuanzia ngazi mpaka mashuka, kwa sauti, mbele ya wauza nyanya. Nilirudi Sombetini nikiwa mwepesi, nikaenda moja kwa moja kwa Agnela kumpa habari nikidhani atanishukuru.

Alisimamisha cherehani. Hajawahi kunitazama vile.

"Mzigo ule ulikuwa wangu, Mama Oscar, na nimeshautua. Wewe nani alikutuma uubebe?"

Bado nimeubeba.