Macho ya Upande wa Kushoto

Gari letu liko kama magari mengi ya Bukavu: volan yake, ule usukani, iko kuume, na njia nayo tunaifuata kwa kuume. Kwa hiyo anayeendesha anakaa karibu na mufereji, na lori likiwa mbele yake haoni kitu. Anayeona ni yule aliyekaa mbele, kushoto. Huyo ndiye anasema "ngoja" kama kuko kitu kinakuja, na "pita" kama njia iko wazi. Kwetu kile kiti kilikuwa cha Mama. Hata siku walizogombana asubuhi, wakiingia mu gari Mama alisema ngoja na pita, na Papa alimusikiliza bila kuuliza mara ya pili.

Naandika hii kwa sababu kuko majuma mengi ambayo kile kiti kilikuwa changu, na nilichoka.

Ilianza siku tuliposhuka Kamanyola kwa matanga ya koko, mama yake Mama. Mu kona za Ngomo, pale bonde liko upande mumoja na ukuta wa mulima upande mwingine, gurudumu la mbele liliingia mu shimo. Volan iliruka mu mikono ya Papa kama kuku anayekataa kushikwa. Gari ilivuta kwenda bondeni, Papa akaivuta kuirudisha, ikarudi. Hakuna aliyeumia. Kwa Papa hiyo ilitosha, akaanza hata kupiga muluzi. Mama alishika mulango kwa mikono miwili mpaka chini.

Matanga yakaisha. Sisi tukafunga mizigo, Mama hakufunga. Alikuwa amekaa mu kiwanja cha dada yake mukubwa, anachambua maharagi.

"Miye nabakia," alisema.

"Unabakia kufanya nini?" Papa akauliza.

"Utakuja kunichukua siku ile gari itakuwa na miguu."

"Basi panda bisi."

"Niliolewa na weye, si na bisi. Miaka yote niko nakuangalilia njia. Na weye unajua vyenye viko chini ya kiti changu, unanyamaza."

Papa aliangalia viatu vyake. Mimi nilijua anachosema Mama. Papa alimuambia kitambo kwamba rotile zimebadilishwa. Rotile ni vile vyuma vyenye kichwa cha duara vinavyoshika magurudumu na kuyafanya yageuke volan ikigeuka. Hazikubadilishwa. Alikuwa amezifunga na vipande vya mupira vilivyokatwa kwenye pineu ya gurudumu la zamani, na waya juu. Inafanya kazi, alisema. Na kweli ilifanya, mpaka Ngomo.

Tukarudi Bukavu bila Mama: Papa, mimi, na kaka yangu mudogo aliyelia mpaka Nyangezi kisha akalala.

Sitaandika yote kuhusu nyumba bila Mama, kwa sababu yanafanana. Robine inatoa maji asubuhi sana ao haitoi. Ikitoa, najaza mabidon. Moto haushiki kwa sababu makala, ni kusema makaa, iko na maji. Mudogo anatafuta soksi. Sambaza, samaki wadogo wa ziwa, zinaungua upande mumoja. Ku masomo mwalimu aliniuliza swali nikaamuka na alama ya daftari ku shavu, darasa lote likacheka, na mimi ni mutu ambaye hata kujibu "présent" wakiita majina napata shida.

Na kila asubuhi, kile kiti. Papa anafanya taksi mu muji, ananipeleka ku masomo kwanza. Naona moto, pikipiki, inakuja, nasema "ngoja," lakini nasema kama mutu anayeongea kanisani. Siku moja hakusikia, akatoka nyuma ya lori. Mwenye moto alipita karibu sana, akasimama mbele yetu kutuonyesha hasira yake.

"Muzee, uko unaendesha na bubu?"

"Ni binti yangu," Papa akasema.

"Basi umupe filimbi."

Papa alicheka kidogo. Kisha akaniambia, bila ubaya, "Sauti yako iko mu tumbo, mama. Itoe inje." Nilitaka kumuambia kwamba kile kiti si changu. Sikuitoa hiyo sauti pia.

Papa alianza kutafuta vyuma. Vilikuja kidogo kidogo. Mekanisie wetu ana kiwanja Nyalukemba, chini ya ukuta wa nyumba ya watu, na shimo alilochimba yeye mwenyewe la kuingia chini ya gari. Namuita tonton, kama mujomba. Yeye ananiita munyere, ndivyo tunavyoita musichana kwa lugha ya mashi. Alinyanyua gari na kriki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Lilicheza kama jino la mutoto.

"Hii rotile ilishaka ingia mu pension," alisema. "Weye ungali unaitumikisha."

"Tafuta okazo nzuri," Papa akasema. Okazo ni chuma kilichotoka ku gari ingine iliyokufa.

"Amortisere nitakupatia okazo. Mulango, okazo. Rotile, hapana. Unataka kuzika watu na chuma cha mufu?"

Papa akaleta rotile mpya, na silembloki mpya pia, yale mapete ya mupira yanayokaa mu mikono ya chini ya gari ili chuma kisigonge chuma. Kazi ilichukua siku nzima ya juma ya mosi. Jioni mvua ilianza kutishia kutoka upande wa ziwa. Gari lilikuwa lingali juu ya kriki, magurudumu yananing'inia, na mabuloni yanayokaza silembloki hayajafungwa.

"Tuache," tonton akasema. "Haya hayafungwi mu hewa. Kesho tutashusha gari, tufunge ikiwa imesimama na uzito wake."

"Kesho niko nashuka Kamanyola. Funga tu."

"Mupira utajikunja, nakuambia."

"Tonton, funga. Nimechoka kula chakula cha huyu mutoto."

Wote wawili walicheka na mimi nikatabasamu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kukipika zaidi ya yeye kukila. Tonton akafunga.

Kesho yake tukashuka. Volan haikuruka tena, hiyo ni kweli. Lakini mbele ya Nyangezi kitu kilianza kulia chini: nyaa, nyaa, kila shimo. Papa alipandisha radio. Tulipoingia mu kiwanja cha mama mukubwa, dada yake Mama, mahali pa kuingilia pana mawe, na gari lililia ku kila jiwe. Mama alikuwa anafua. Hakuinua kichwa.

"Iko inalia nini?"

"Ni vumbi," Papa akasema.

"Vumbi haina sauti."

Alipangusa mikono ku kikwembe, akaja mpaka mbele ya gari, akaegemea bodi kwa mikono yote miwili na kuisukuma chini. Nyaa. Akaisukuma tena. Nyaa. Akarudi ku nguo zake. Alinipa mifuko ya mihogo na kuniambia nimekonda, akamushika mudogo muda murefu, lakini mulango wa gari hakuugusa. Mama mukubwa alimuuliza kwa sauti ya chini, "Na hata sasa haurudi?" Mama akasema, "Hata sasa."

Njia ya kurudi Papa hakuwasha radio. Nilisema ngoja, nikasema pita, na mara moja, nyuma ya lori la mbao, sikusema kitu kwa sababu nilikuwa nalia na sikuona njia.

Tonton alipofungua, silembloki zilikuwa zimejikunja na kupasuka upande, kama alivyosema. Hakumucheka Papa. Alimuonyesha tu, na Papa akazigeuza mu mikono yake akasema, "Mm." Ikabidi kutafuta zingine. Majuma mengine tena ya robine na sambaza.

Siku ya kufunga mara ya pili, gari lilishushwa ku magurudumu yake juu ya shimo, tonton akiwa chini, kichwa tu kinaonekana.

"Sasa inahitaji mizigo," alisema. "Gari inafungwa vile inabebaka ku njia. Munyere, enda utafute watu wa kukaa ndani. Wenye uzito, eh. Usiniletee wenye kufanana na weye."

Nilimuangalia Papa ili aende yeye. Papa alikuwa ameshika taa. Nikaenda. Ku mulango wa kiwanja kuko wamama wanaouza makala na ndizi. Nilisimama mbele yao mpaka mumoja akaniuliza kama nimepotea.

"Tonton anaomba mukuje mukae mu gari," nilisema.

"Tuende wapi?"

"Hatuendi popote."

Wakaangaliana. Yule mama wa makala, ambaye ni mukubwa kweli, akasema, "Aliomba wenye uzito?"

Nikaangalia makala yake. Wakaelewa, wakaanza kucheka, wakapigana ku mabega. "Twende basi, leo wanene tuko na kazi." Wakaja, watatu nyuma, wamejibana, na yule wa makala mbele ku kiti cha Papa, ameshika volan. Mimi wakanisukuma kushoto. Gari lilishuka, niliisikia ikishuka. Mumoja nyuma akafanya ishara ya musalaba.

"Tufike salama," alisema.

"Amen. Shofere, usikimbie."

"Musicheke," tonton akapiga kelele kutoka shimoni, "gari iko inaruka."

Hapo ndipo wakacheka zaidi. Mama wa makala aligeuza kichwa kwangu. "Na weye uko mbele, si uangalie njia? Niko naweza kupita?" Mbele yetu kulikuwa ukuta na nguo za watu zimeanikwa. Nilisema, "Ngoja." Nyuma wakalia kwa kucheka. Chini yetu nilisikia ufunguo ukikaza, pole pole, upande mumoja kisha mwingine, na ikaisha.

Baadaye tonton alivuta uzi kutoka magurudumu ya nyuma mpaka ya mbele, akapima, akageuza kidogo, akapima tena, mpaka magurudumu ya mbele yakaangalia sawa. Vyuma vya zamani alivifunga mu sashe, mufuko wa plastiki, akamupa Papa, kama anavyofanyaka kwa kila mutu, ili mwenye gari asiseme ameibiwa. Wengine huvitupa ku njia. Papa yangu aliviweka chini ya kiti.

Tulishuka tena. Mu kiwanja cha mama mukubwa gari lilipita juu ya mawe bila sauti. Mama alikuja kama mara ya kwanza, akaegemea, akasukuma. Kimya. Akasukuma kwa nguvu zaidi. Kimya. Papa hakusema "unaona?" Alitoa ile sashe akamupatia.

Mama alitoa rotile moja, nyeusi, ingali na kipande cha mupira na waya. Alipoitikisa, kichwa chake kilianguka upande.

"Hii njo ilikuwa inanibeba?"

"Njo hiyo," Papa akasema.

Mama mukubwa alisimama ku mulango, anangoja kama sisi. Kisha Mama akarudisha chuma mu sashe, akaingia ndani, na tulisikia akikunja nguo.

Alikaa mbele, kushoto. Mimi nilikaa nyuma na mudogo na mihogo. Lakini Mama aliangalia dirisha la pembeni, si njia. Papa naye hakumuomba. Kwa Ngomo tulifika nyuma ya Fuso iliyobeba mifuko ya makala mpaka juu, inapanda polepole kuliko mutu wa miguu, moshi wote unatuingilia. Papa alibaki nyuma yake. Kona moja, kona ingine. Mudogo akakohoa. Gari nyuma yetu ilipiga honi, na Papa akaendelea kubaki. Mikono yake ku volan ilikuwa imetulia, na sijui kama angeweza kupanda mulima wote hivyo, lakini nafikiri angeweza.

Mama alifunga kioo. Kisha akafungua tena, akatoa kichwa kidogo.

"Ngoja," alisema.

Papa alingoja.

"Kuko moto inashuka. Ngoja. Kuko ingine."

Zilipita, upepo wake uliingia ndani.

"Pita."

Papa alitoka kushoto, tukapita Fuso, mifuko yake yote, na shofere wake aliyekuwa anakula hindi. Mama alikuwa ameanza kuangalia kona inayofuata. Niliweka kichwa ku mufuko wa mihogo, nikafunga macho.