Nilikimbia kwenda kupima sukari, sukari ikapanda

Wakuu, habari za humu. Mimi nimeishia P7, darasa la saba, nikikosea mambo ya daktari mnirekebishe. Lakini yaliyonipata siongezi chumvi.

Naendesha boda hapa Bwera, Uganda. Mwaka jana, 2016, nikaambiwa nina kisukari. Sikushangaa sana. Kazi yangu ni kukaa. Hata kununua kiberiti dukani nilikuwa napanda pikipiki.

Sista wa kliniki akanieleza:

"Baba, insulini bado uko nayo, ila misuli haiisikii. Haya mafuta ya tumbo yanaleta uvimbe wa ndani kwa ndani, unaziba masikio ya misuli. Tembea. Misuli ikifanya kazi inakula sukari, na uvimbe unapungua polepole. Mwezi ujao ikiwa bado juu, tutaongea habari ya sindano."

Sindano, wakuu! Naiogopa kuliko trafiki.

Nikaanza kutembea kila asubuhi, pikipiki naiacha nyumbani. Sasa kwetu, ukiona mtu wa boda anatembea kwa mguu, ujue pikipiki imeenda, wenye mkopo wameichukua. Chairman wa stage, kituo chetu cha boda, Bwambale, akanipigia kelele:

"Muhindo! Wamekunyang'anya chuma?"

"Iko nyumbani, inapumzika."

"Na hilo tumbo unalipeleka wapi?"

Stage nzima wakacheka. Na mimi nikacheka, tumbo lenyewe kweli lilikuwepo.

Siku ya kupima ikafika, akili ya boda ikanidanganya. Nikajiambia sukari ni kama petroli: ukivuta moto mlimani, tanki inaisha haraka. Basi nikakimbia kilima chote mpaka mlango wa kliniki. Nikatoa kidole hata pumzi haijarudi.

Ikasoma juu kuliko mara ya kwanza!

Nikaona sindano hii hapa. Sista akaniangalia jasho, akacheka mpaka akashika meza.

"Nani alikutuma kukimbia? Mwili unadhani unafukuzwa na chui! Homoni za hofu zinaliambia ini: toa sukari haraka, mutu wetu anakufa! Rudi wiki ijayo. Uje kwa pikipiki, ukae kwanza, utulie."

Wiki hiyo sikulala vizuri, lakini kutembea sikuacha. Nikarudi kwa pikipiki, nikakaa kwenye benchi kama bibi harusi.

Imeshuka! Tena sana. Sista akasema sindano tuiache kwanza. Hata kidonda cha mguuni, kilichokuwa kinanisumbua, kilikuwa kimeanza kukauka.

Kwa haki niseme: vidonge nilimeza, na soda niliacha. Siwezi kuapa ni miguu peke yake.

Lakini siku hiyo nilitoka pale naruka! Nikaenda mpaka nyumbani naimba nyimbo za kanisa, stage nikapita bila kusalimia mtu.

Mke wangu Masika akasimama mlangoni. "Baba Biira, pikipiki iko wapi?"

Wakuu. Nimeisahau kliniki.

Kabla sijageuka, Bwambale na wenzake hao wanaingia, sura za msiba.

"Pole sana, muzee. Leo tumeona kwa macho: asubuhi umepita nayo, umerudi kwa mguu. Kweli imeenda."

Wakamkabidhi Masika mfuko wa kunipa pole. Sukari, kilo mbili.

Nilichojifunza: tembea kila siku, vidonge usiache, na siku ya kupima usikimbie kama mwizi.

Pikipiki niliikuta salama. Ila mfuko bado uko kabatini unaniangalia, na kwetu pole ya watu hairudishwi. Nyinyi mngeufanyia nini?