Gari Lilipotulia Barabara ya Moshi

Enzi za Mwingereza nilikuwa fundi katika gereji ya Mhindi mmoja mjini Arusha. Asubuhi moja aliingia na gari mzee aliyekuwa dereva wa mzungu mwenye shamba la kahawa upande wa Tengeru. Alikuwa mtu wa Pangani, mpole, kanzu yake safi hata siku za vumbi, na alianza kuendesha magari mimi sijajua kusoma. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, lakini hakushuka.

"Mwanangu, niambie ukweli," alisema kwa sauti ya chini. "Gari hili linatetemeka, au ninayetetemeka ni mimi?"

Nilidhani ananitania, ila hakuwa anacheka. Tangu alipougua homa wakati wa masika, usukani ulikuwa ukimcheza mikononi, na mke wa yule mzungu alikuwa ameanza kumtazama sana akiwa anaendesha.

"Wakiniachisha kazi nitarudi pwani kufanya nini? Watoto wangu wamezaliwa hapa."

Nikamwomba aache injini iungurume gari likiwa limesimama. Nilipoweka kiganja juu ya boneti nilisikia mapigo yanaruka, kama mtu anayechechemea. Nikachomoa nyaya za plagi mmoja mmoja kwa kitambaa kikavu na kuurudisha. Kila nilipochomoa, injini ilizidi kulegea, mpaka nilipofika kwenye waya ambao haukubadilisha kitu. Silinda hiyo ilikuwa haichomi. Plagi yake ilikuwa imejaa masizi na mafuta. Nikaweka mpya, injini ikatulia.

"Alhamdulillahi," alisema mzee.

Tukatoka kulijaribu barabara ya Moshi, yeye akiendesha. Mwendo ulipokolea, mtetemo ukaja tena, mzito, ukipanda kutoka sakafuni. Nikamwambia akanyage klachi na kuondoa mguu kwenye mafuta. Mngurumo ulishuka, mtetemo ukabaki. Basi huo haukuwa wa injini. Tuliporudi nililala chini ya gari, nikakuta kiungo cha propela, ile shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, kimelika, kinacheza. Nikakibadilisha, tukatoka tena, na safari hii gari lilikwenda laini hadi karibu na Usa.

Hapo ndipo nilipouona mkono wake. Gari lilikuwa limetulia kabisa, lakini mkono uliokuwa juu ya gia ulitetemeka. Naye aliuona. Akasimama kando ya migomba, akazima.

"Kumbe wagonjwa tulikuwa wawili," alisema.

Nilimhakikishia tu kwamba gari nalo lilikuwa bovu kweli, hakujitungia. Akatikisa kichwa kukubali. Akina mama wa Kimeru walipita na ndizi vichwani, wakatusalimu kwa lugha ya kwetu, nikawaitikia peke yangu. Kisha mzee akashuka, akazunguka, akanifungulia mlango.

"Endesha wewe."

Yeye mwenyewe alimweleza mzungu habari ya mkono wake, kabla hajaulizwa. Niliogopa angefukuzwa, lakini alihamishiwa stoo ya shamba, na gari akapewa dereva mwingine. Mwanzoni lilipopita alikuwa akiingia ndani na kurudisha mlango. Jumapili, baada ya ibada, nilizoea kwenda kumwona. Mkewe alinipa chai ya tangawizi, naye akinisimulia barabara za zamani.

Hakunilaumu hata mara moja kwa kulitengeneza gari lile. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaza, kama ningeliacha na mtetemo wake kidogo, angeendesha mpaka lini.