Kinga ya Katekista na Njia ya Luama

Mukisikia mwanaume muzee anasema wakati wa Wabeleji kusafiri na kinga, ile baisikeli, ilikuwa raha, mumuulize nani alikuwa anasukuma na nani alikuwa amekaa nyuma. Mimi nilikaa nyuma. Na pa milima nilisukuma.

Bwana yangu alikuwa planto ku biro ya Leta, ile serikali ya Wabeleji, Kasongo. Kazi yake ilikuwa kusimama ku mulango na kupeleka barua. Mwaka ule wakamupa konji, mapumziko ya kazi. Mimi nilikuwa na mutoto wetu wa kwanza, anaanza kuota meno, na mama yangu alikuwa kule Kabambare, hajamuona. Jicho lake moja lilikuwa limekwisha kuingia ukungu, na la pili lilianza kulifuata. Alikuwa anatuma neno kwa watu wa kamyo za mizigo, na mimi namusikia kabisa vile anasema, polepole, kama anachambua mchele: "Muwaambie wachelewe tu. Huyu mutoto nitamuona na pua." Basi konji ile mimi niliitakia jambo moja: mama amuone mutoto kabla ya macho kufunga.

Bwana yangu yeye alitaka konji ya wazungu. Mukubwa wake alikuwa anaenda kukaa kando ya ziwa, Tanganyika, anarudi mwekundu kama mafuta ya mawese. Bwana akatoa kifua: "Konji haiko ya mbio, mama. Konji ni mayi, ni upepo, ni kuangalia."

Nikamuuliza kuangalia nini.

"Kuangalia tu."

Kinga hatukuwa nayo. Fundi wa nguo, rafiki yake, alikubali kumwazima ya kwake: nyekundu, na taa mbele, na kengele. Bwana akaipiga ile kengele mupaka kuku wa jirani wakahama. "Hii inakimbia yenyewe," akasema. Mimi nikakaa juu ya porbagaji, pale nyuma pa kupakia mizigo. Vyuma vyembamba, vinakata kama waya.

"Kimbia nayo," nikamwambia. "Mimi na mutoto tutakukuta konji ya mwaka kesho."

Tukaenda kwa kaka yake, katekista. Kinga yake ilikuwa nyeusi, nzito kama kinu, na porbagaji pana iliyozoea mikungu ya ndizi. Katekista alikuwa anasemea ndani ya pua, hata akiomba chumvi ungedhani ni misa. "Shemeji, kinga hii haipendi mbio. Na breki pia haipendi." Nikaikalia, nikapakata mutoto, nikasema hii hapa. Tulichagua na matako yangu, si na macho yake. Alinuna mupaka jioni.

Njia sasa. Mimi nilisema barabara ya Leta: pana, inanyooka mupaka pa baki, kile kivuko cha muto Luama, unavuka, unaendelea. Bwana akasema hapana, tushike njia ya miguu, kando ya Luama, pa kivuli na samaki. Nikamwambia kando ya mayi njia inazunguka kama mulevi. Ndiyo akatoa neno lenyewe, na sauti ikawa ndogo:

"Barabara inapita mu shamba ya mama yako."

Hapo alikuwa na haki. Kwetu mukwe hakutani na mama mukwe mu njia. Wakikutana, yeye anaingia mu majani, mama anageuka, kila mutu anangoja haya ipite.

"Nikutane naye juu ya kinga?" akasema. "Jasho inanitoka, suruali nimeifunga na kamba kama kuku wa soko? Pale hakuna hata majani. Nijifiche mu mchanga?"

Tukashika njia ya mayi. Ee, tulichoka. Mizizi ya miti ilinirusha, matete yalinipiga uso, na kila kijito tulishuka, tukabeba kinga, tukapanda. Ile kinga ilitembea juu yetu kuliko sisi juu yake. Mutoto analia meno. Samaki tulikula mara moja, ya moshi, imejaa mchanga. Bwana anapumua, anasema, "Lakini upepo unasikia?" Mimi nikatema mchanga.

Karibu na kufika, tukakuta kijito na muti mumoja umelazwa juu yake. Bwana akatangulia, kinga ku bega. Alipofika katikati, mutu akatoka mu matete ngambo ile, na kitunga ku kichwa, akakanyaga muti. Akasimama, akakaza macho.

"Nani anakuja na pembe?"

Ilikuwa mama yangu. Na pembe ni usukani wa kinga.

Bwana kurudi nyuma hakuweza, niko nyuma yake na mutoto. Akafanya vile mutu mwenye heshima anafanya: akaingia mu mayi na kinga yake, mupaka kifua, akafunika uso na kofia ya Leta.

"Mama, ni sisi," nikasema.

Mama akageuka haraka, akajifunika kitambaa. "Nilisikia munakuja na kinga. Kinga ni ya barabara. Nikasema nisimupe mukwe haya, nihame ku shamba, nipite huku, nijifiche kwa dada yangu."

Nikavuka, nikamupa mutoto. Alimusogeza ku lile jicho zuri mupaka pua zikagusana. Akamushika masikio, vidole, akamutia kidole mu kinywa, mutoto akamuuma. Akacheka. Halafu akaanza kusema kwa mutoto, kusudi baba asikie:

"Mutoto, uulize baba yako, mayi iko baridi?"

Chini ya kofia: "Mutoto, uambie bibi, iko muzuri. Asante."

"Uambie baba, masikio ni yake. Hata jicho bovu linaona."

"Uambie bibi asamehe."

"Uambie baba, bibi anatangulia na wewe. Wao wapumuzike kwanza, wafuate nyuma, tusikanyagane."

Akamufunga mutoto ku mugongo, akaenda, anamusemesha njia yote. Mimi nikakaa chini. Halafu nikalala chini.

"Mama mutoto," bwana akaniita, "amekwisha kwenda?"

Nilisikia. Kinywa kilikuwa kizito, na usingizi ulikuwa karibu kuliko yeye.

Nilipoamka, jua lilikuwa limegeuka. Muvuvi mumoja alikuwa amesimamisha mutumbwi, anamuuliza: "Baba, unafanya nini humo na kinga?"

Bwana, chini ya kofia: "Niko mu konji."

Nikageukia upande mwingine, nikalala tena. Mutoto alikuwa kwa mama yangu.